Risala ya madereva bajaji wa gesi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa serikali ya mtaa, mwenyekiti wetu, wazee wa kijiwe na wageni waalikwa wote, habari za mchana. Kwanza samahani kwa kuchelewa kuanza, wanachama wengi walikuwa bado foleni ya gesi na wengine mpaka sasa hawajafika, kwahiyo hivyo viti vitupu unavyoviona pale nyuma navyo ni sehemu ya risala.

Sisi ni madereva bajaji wa hapa Dar es Salaam, wote tumefunga mfumo wa gesi asilia. Tulianza watu saba, leo tupo sitini na tatu, na kilichotuvuta ni hesabu tu wala sio kingine. Petroli ya siku ilikuwa inakula elfu kumi na tano, gesi inakula elfu sita na chenji, hiyo inayobaki ndio ada ya mtoto na mchezo wa wiki. Alafu tuweke sawa kitu kimoja maana abiria wanatuchosha nacho kila siku: hii sio gesi ya mtungi wa kupikia, ile inaletwa na meli kutoka nje. Hii yetu inatoka hapahapa, Songo Songo kule Kilwa na Mnazi Bay kule Mtwara.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikalala chini miaka thelathini, 2004 ndio ikaanza kufika Dar kuzalisha umeme. 2015 likazinduliwa bomba kubwa la kutoka Mtwara, inchi 36, kilomita 542 pamoja na matawi yake, linaweza kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku na kinachopita mle hata nusu yake hakijafika. Na tangu 2024 Bwawa la Nyerere limeanza kuzalisha umeme wa maji, lile la megawati 2,115, mitambo ya umeme wa gesi imepumuzishwa kidogo. Kwahiyo mtu akituambia tunapanga foleni sababu gesi ni ndogo tunakataa, kwa heshima zote. Gesi ipo, inapita chini ya miguu yetu, pa kuchotea ndio hapatoshi.

Tukueleze hali ilivyo kituoni. Kituo kina mitungi yake mirefu ya akiba, kompresa inasukuma gesi humo mpaka presha inapanda. Ukiwahi saa tisa usiku unajaziwa mpaka geji ya presha inasoma 200, yaani umejaa, hapo unaondoka unapiga mluzi. Ukifika saa mbili asubuhi wenzako wameshainyonya ile akiba, kompresa inahema tu, unajaziwa dakika kumi na tano unatolewa na 120, unapiga trip chache za karibu na saa saba umerudi foleni. Mwezi uliopita kwenye kituo kimoja umeme ulikatika tukiwa tumebakiza magari mawili mbele, kompresa ikazima, tukakaa masaa matatu tunaangaliana. Yaani gesi inayozalisha umeme imekwama kwa kukosa umeme! Tulicheka sana, ila jioni bosi alitaka hesabu yake kamili.

Sasa tuje kwenye bomba la kwenda nje. Mei 2021 Rais Samia alipokwenda Nairobi tuliona makubaliano yanasainiwa, gesi itoke Dar iende Mombasa. Uganda nao wanaitaka (tusichanganye na lile la Hoima mpaka Chongoleani Tanga, lile ni la mafuta ghafi). Hatupingi, jirani akinunua pesa inaingia nchini. Ila kuna mwenzetu kwenye kikundi ni wa Mtwara na alikuwepo kule 2013 watu walipoandamana gesi isitoke kuja Dar, mpaka kuna waliopoteza maisha. Siku zile sisi wa Dar tulikuwa tunakaa vijiweni tunawasema, gesi ni ya Watanzania wote, waache ubinafsi. Juzi akatuuliza taratibu tu, sasa na nyie likiwapita kwenda Mombasa mtasemaje? Kijiwe kizima kimya. Tukaona swali lake tulilete kwako.

Tena tunaomba kufahamishwa, hiyo ya Mombasa itatoka wapi? Tunaambiwa nchi ina futi za ujazo trilioni 57.54, lakini karibu 47 kati ya hizo zipo bahari ya kina kirefu, zinasubiri kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika cha Likong'o kule Lindi ambacho mazungumzo yake tumeyasikia tangu tukiwa hatujapata leseni. Kule kina kirefu haijatoka hata ya kujaza puto. Kama ni hii ya karibu ndio itagawanywa, basi tugawane tukiwa tumeshajiandaa.

Ombi letu sio kubwa. Bomba la gesi la Mombasa likichorwa kupita Tanga, michoro iwe na sehemu za kuchotea gesi njiani kabisa, sio kuja kuchimbua upya baadae. Vituo vya hapa mjini viongezewe mitungi ya akiba, maana foleni ya asubuhi dawa yake ni gesi iliyoshindiliwa usiku wakati watu wamelala. Na kila kituo kiwe na jenereta inayotumia gesi hiyohiyo, ili umeme ukikatika sisi tuendelee.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu ameegesha bajaji yake hapo mlangoni, geji inasoma 40. Tunajua ratiba yako imebana lakini tunaomba ukimaliza hapa upande kiti cha nyuma uende nae kujaza, gari lako litafuata nyuma, na kama mtakuta foleni ndefu maji ya kunywa tumeweka chini ya kiti.

Risala hii imesomwa na katibu kwa niaba ya wanachama. Asante kwa kutusikiliza.