Kinanda kisikukoseshe usingizi

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika. Shule haina kinanda, darasa la tatu lina watoto 72, na bado mwalimu mkuu amekubebesha kwaya. Nimecheka, usinikasirikie. Mimi nilianza na chaki tu: do, re, mi ubaoni, sauti naitoa kifuani.

Usiku nilimkumbuka Jógvan Waagstein. Humjui. Ni mtu wa Visiwa vya Faroe, visiwa 18 vya majabali na nyasi, kaskazini mwa Uskoti, chini ya utawala wa Denmaki. Alizaliwa 1879, akafa 1949. Kazi yake ualimu. Juu ya hapo alitunga nyimbo, tena alichora picha.

Huko kwao watu wamecheza karne na karne bila chombo chochote. Wanashikana mikono, duara linajipinda chumbani, hatua mbili kushoto, moja kulia. Mmoja anaanzisha ubeti, wengine wanadakia kiitikio. Utenzi wao mmoja unaweza kupita beti mia. Ngoma yenyewe ni miguu inayokanyaga sakafu.

Kwa hiyo kinanda hakikuwa shida yao. Shida ilikuwa lugha. Enzi hizo mtoto anasema Kifaroe nyumbani, akiingia darasani anakuta Kidenishi, akienda kanisani Kidenishi tena. Kifaroe kilipata tahajia yake mwaka 1846, kazi ya msomi wa hukohuko, Hammershaimb. Krismasi ya 1888 watu wakakusanyika Tórshavn, mji wao mkuu, kuitetea lugha yao. Mwaka 1899 Símun av Skarði, mwalimu mwingine huyo, akafungua na mwenzake shule ya vijana wakubwa iliyofundisha kwa lugha ya nyumbani. Símun huyohuyo aliandika shairi 1906, Petur Alberg akalitilia sauti mwaka uliofuata, na leo ndilo wimbo wao wa taifa. Lakini shule za kawaida zilingoja hadi 1938 ndipo Kifaroe kikakubaliwa kufundishia. Piga hesabu: Waagstein alikuwa anakaribia miaka 60!

Ndiyo maana naupenda utunzi wa walimu. Mwalimu hatungi kwa ajili ya ukumbi, anatunga kwa ajili ya vinywa vilivyo mbele yake. Hata huo wimbo mnaoimba mstarini kila asubuhi, Mungu ibariki Afrika, sauti yake ni ya mwalimu: Enoch Sontonga, wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyeitunga 1897. Alikufa 1905, kijana bado.

Sasa turudi kwenye kazi. Huo wimbo wa kisima uliotunga ukanitumia ni mzuri, lakini umewapandisha mno watoto kwenye mstari wa tatu. Hiyo noti ya la iteremshe iwe so, utaona hawakazi shingo. Usiwape sauti nne. Mbili zinatosha, na wale wavulana wa darasa la saba wanaokoroma waweke kwenye kiitikio tu, waone nao wamo. Maneno yaache kama yalivyo. "Ndoo imetoboka, dada, maji yanalia njiani" — hapo sigusi kitu.

Ubeti wa pili hujaniandikia. Utume kabla sijafunga safari ya mwezi wa nane, niufanyie mazoezi ndani ya basi, abiria wanivumilie.

Mama yako anauliza kama blanketi lilifika.

Baba yako