Barua ya wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: tusipime kemikali zenye majina ya zamani peke yake

Ndugu Mkemia Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Dodoma, jiji linalotegemea sana maji ya visima vya Mzakwe, kuhusu kemikali za viwandani zenye florini. Sizungumzii floraidi, madini ya asili ambayo sisi wa kanda ya kati tunayafahamu kwa meno ya kahawia, bali kemikali zilizotengenezwa na binadamu, ambazo muungano wa kaboni na florini ndani yake ni mgumu mno kuvunjika udongoni au majini.

Hivi karibuni nilinunua sokoni sahani za karatasi kwa ajili ya shughuli. Nilidondosha maji juu ya moja, yakaviringika; hilo halikunishtua, kwa kuwa hata nta hufukuza maji. Nikadondosha mafuta ya alizeti. Tone likabaki duara, na nilipolifuta baada ya robo saa hapakuwa na doa. Muuzaji alinijibu, "Kaka, hiyo ni karatasi tu." Jicho langu si maabara, lakini nta haikatai mafuta namna hiyo, na kemikali za florini hukataa.

Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti kemikali sumu zisizooza, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, uliingiza katika orodha yake kemikali tatu za florini: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Wakati huo wote viwanda vilikuwa vikihamia kwa binamu wa kemikali hizo: GenX, kemikali nyingine ya florini iliyochukua nafasi ya PFOA, ilikuja kutambuliwa katika Mto Cape Fear huko Marekani na watafiti waliokuwa wakitafuta hata wasichokijua. Anayepima majina matatu tu atatoa cheti safi kwa bidhaa iliyojaa kemikali yenye jina la nne.

Kwa hiyo naomba sampuli za vifungashio, makoti ya mvua na povu la kuzimia moto zipimwe kwanza jumla ya florini ya kikaboni, yaani florini yote iliyoungana na kaboni, na zitakazoonyesha kiwango kikubwa zipelekwe kwenye spektromita ya masi yenye usahihi mkubwa, mashine inayopima uzito wa molekuli. Mashine hiyo ni ghali, sibishi. Lakini kipande cha kaboni moja na florini mbili kina uzito wa 49.997 kwa kipimo cha uzito wa atomu, hivyo molekuli za ukoo mmoja hupishana kwa hatua hiyohiyo kama vipago vya ngazi, na mchunguzi huweza kuuona ukoo ambao bado haujapewa jina.

Sahani zilizobaki nimezihifadhi ndani ya bahasha ya kaki. Nikielekezwa dirisha la kuzipokelea, nitazileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Dodoma