Nakala ya Tano

Nairobi, Jumapili usiku

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, na nimefurahi mno kusikia Mama ametoka hospitali na anakula vizuri. Mwambie halua aliyoniletea ilifika salama na haikumaliza siku mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza: hivi vitabu vya waasi, hizi hadithi za sayansi, za kubuni mambo ya kesho na ya sayari nyingine, zilizokataliwa kila mlango, unaendelea kuvikusanya vya nini? Siku hizi hakamatwi mtu kwa kusoma, na kila kitu kimo kwenye simu. Nilitaka kukupigia nikujibu, nikaona maneno ya simu hayatatosha.

Jumamosi iliyopita nilifunga duka la kuchapa saa nane nikapita kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza turubai kando ya njia. Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu nikakuta kimoja kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimechanika. Nilikitambua kwa umbo lake: kila hadithi inatanguliwa na maneno ya mhariri na kufuatwa na maneno ya mwandishi. Ni ule mkusanyiko wa hadithi za sayansi wa Harlan Ellison, mwandishi Mmarekani, wa mwaka 1967, Dangerous Visions, yaani maono ya hatari. Nikalipa shilingi 150 bila kuvutana bei. Nilipokifungua ndani ya matatu, nikaona pembeni mwa ukurasa mmoja mtu ameandika kwa kalamu ya wino wa buluu: “Waliiruhusuje hii?” Na chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko mwingine kabisa: “Hawakuombwa ruhusa.”

Nilipitiliza kituo changu, swahiba. Watu wawili wasiojuana, huenda hata mmoja wao hayuko duniani, wanaongea pembeni mwa hadithi, nami nimeketi katikati yao nasikiliza.

Ellison aliwaomba waandishi hadithi ambazo magazeti ya hadithi ya Marekani yasingethubutu kuzichapa. Akapata 33. Samuel Delany alikuwamo, kijana Mweusi ambaye hadithi yake ilishinda Nebula, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi. Nikwambie kweli, si zote zilizodumu. Nyingine zilishtua wakati ule tu, na leo ukizisoma unaona zilipiga kelele pasipo haja. Na katika waandishi 32, wanawake ni watatu. Watu waliojigamba kuvunja mipaka yote waliuacha huo mmoja umesimama, na sioni sababu ya kuwatetea. Lakini kuna kitu hakijachakaa. Mtu akiandika peke yake hujipunguza. Anafuta sentensi hii, analegeza ile, anajiuliza shangazi atasema nini. Akijua wenzake thelathini wanaingia naye, mkono unakuwa huru. Unaliona jambo hilo katika maneno wanayoyaongeza baada ya hadithi zao: wanaandika kama watu waliopumua.

Halafu wako wale wa Muungano wa Sovieti, na hapa ndipo kazi yangu ya karatasi inaponifanya niwapende zaidi. Huko mashine za kuchapa zilikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo watu walipiga kitabu kizima kwa taipureta, na kati ya karatasi na karatasi wakaweka kaboni, ile karatasi ya wino inayopeleka herufi kwenye nakala ya chini. Wao waliita samizdat, yaani kujichapishia. Unapewa kitabu usiku mmoja, unakisoma mpaka alfajiri, na ukiweza unapiga nakala nyingine kabla ya kukirudisha. Mwaka 1979 waandishi wa Moscow walitengeneza mkusanyiko wao, Metropol, bila kuupitisha kwa wakaguzi. Nakala zilikuwa 12. Kumi na mbili tu, na bado waliandamwa kwa ajili yake, wengine wakafukuzwa katika chama cha waandishi.

Nikataka kujua mkono wao ulihisi nini. Dukani tuna taipureta kuukuu ambayo bado wazee huja kujaziwa fomu. Wiki jana nilipanga karatasi tano nyembamba na kaboni nne, nikaanza kupiga. Lazima ugonge kama unayeponda kitunguu saumu kwenye kinu, la sivyo herufi haifiki chini. Nakala ya kwanza ilikuwa safi. Ya tatu ilianza kuvimba. Ya tano, swahiba, herufi a, e na o zote zilikuwa nukta moja ya kijivu, nikalazimika kuipeleka dirishani na kukisia neno kwa neno. Nikafikiri kwamba kuna mtu ndiye aliyepokea hiyo ya tano, na akashukuru kuipata. Mtu huyo hakuwa mteja. Ili asome tu, ilibidi afanye nusu ya kazi mwenyewe, na baada ya hapo hadithi ikawa yake pia. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye marundo ya vitabu kila Jumamosi.

Utasema hayo ni ya Warusi. Lakini unakumbuka tulivyofundishwa: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mshairi Abdilatif Abdalla wa kwenu Mombasa aliikosoa serikali bila fumbo mwaka 1968, katika kijitabu chenye swali moja kubwa, Kenya: Twendapi?, na jibu likawa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na humo yumo mamba anayejiona mkuu wa mto. Waliokuwa nje walipoyasoma katika diwani yake Sauti ya Dhiki mwaka 1973, hakuna aliyehitaji kuambiwa mamba ni nani.

Hadithi ya sayansi ni mamba huyohuyo, ila amepandishwa angani. Chukua Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi. Huyu alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akawekwa kizuizini mwaka 1986 bila kesi. Mwaka 1995 kitabu chake kikatoka hapa Nairobi: mtu anaitwa Dzombo, amehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa, na chombo kinamfikisha kwenye nchi ambamo watu wanaishi kwa haki. Litamke jina la nchi hiyo polepole. Wale, ni, sisi. Nilikisoma mara ya kwanza nikadhani ni jina la sayari tu! Kulielewa kulinijia jikoni, nikichambua mchele, nikaacha ungo nikaenda kukianza upya.

Ninakubaliana nawe kwamba mambo yamebadilika. Katika miaka ya themanini watu walifungwa hapa Kenya kwa kukutwa na vijikaratasi tu vya kuipinga serikali, na sheria ya uchochezi iliyotumika kuwafunga iliondolewa mwaka 1997. Wala siidharau simu. Vijana wa Jalada, kundi la waandishi wa Afrika, walitoa toleo lao la hadithi za Afrika ya kesho mwaka 2015 kwenye intaneti, bure, na kabla yao jarida la Kwani? la hapa Nairobi lilishaanza mwaka 2003 kuchapa Sheng, lugha ya mitaani, bila kuomba radhi. Nawaheshimu wote. Ila nikueleze kilichotokea dukani mwezi uliopita. Alikuja binti na mashairi yake ishirini, anataka vijitabu thelathini vya kugawia marafiki. Mazuri ajabu. Siku ya kuchapa akarudi akaniomba nitoe mawili. Nikamuuliza nani amemkataza. Akasema hakuna, ila kazini wanaweza kuyaona. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Nikayatoa, maana ni yake, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Unakumbuka daftari letu la kidato cha tatu? La kurasa 96, lenye jalada la gazeti, lililokuwa likipita chini ya madawati? Tulikuwa watano. Mimi niliandika juu ya matatu inayosafiri kwenda kesho na kurudi na abiria pungufu. Wewe uliandika juu ya mfereji wa kijiji unaomuuliza kila mtu jina la babu yake kabla ya kutoa maji. Mwalimu alipolinyakua tulifagia uwanja juma zima, na daftari hatukuliona tena. Sikuwahi kusoma chochote tangu hapo nikangoja zamu yangu kwa hamu namna ile.

Nimewapata wawili kati ya wale watano. Mmoja ameshaniletea hadithi yake, ameiandika upya kwa kumbukumbu, na imekuwa kali zaidi ya ile ya zamani. Fundi wa mashine amekubali tuchape usiku, wateja wakiwa wameondoka. Nakala mia, pini mbili katikati, jalada la karatasi ya kaki. Hakuna atakayepitia kurasa hizo kutuambia tupunguze nini.

Nataka mfereji wako. Usiniambie umesahau, au kwamba siku hizi unaandika ripoti tu. Yule mzee alipofika na mtungi wake, akagoma kutaja jina la babu yake, mfereji ulimjibu nini? Nimewauliza wenzetu wote wawili na kila mmoja ana jibu lake, na mimi nina la tatu. Andika hata kwa penseli. Mpe makanga wa basi la usiku, nitalifuata mwenyewe stendi asubuhi.

Msalimie Mama na watoto.

Mwenzako wa dawati la nyuma