Ukoo wa Qajar haukuondoka mwaka 1921

Mhariri,

Mmeandika kwamba kamanda Reza Khan aliung'oa ukoo wa kifalme wa Qajar nchini Iran kwa mapinduzi ya Februari 1921. Sivyo. Askari wake wa Kozaki, kikosi cha Iran kilichoundwa kwa mfano wa Kirusi, walitoka Qazvin wakaingia Tehran, na kilichoanguka ni serikali ya mawaziri. Ahmad Shah, mfalme wa Qajar, alibaki kwenye kiti cha enzi, na ndiye aliyemteua Seyyed Zia, mwenzake Reza Khan katika mapinduzi, kuwa waziri mkuu.

Sisi wa Unyanyembe tofauti hiyo tunaijua. Mtemi wetu wa zamani Mnywa Sele alipoondolewa akawekwa Mkasiwa, mtemi alibadilika lakini ukoo wa utemi ukabaki. Iran nayo ilikwishapitia hayo mwaka 1909, Mohammad Ali Shah alipovuliwa ufalme akapewa mwanawe Ahmad, mtoto bado.

Reza Khan alianza na fedha. Alipokuwa waziri wa vita alivuta wizarani kwake mapato ya ardhi za serikali, jeshi likawa linalipwa kwa mkono wake. Oktoba 1923 akawa waziri mkuu. Shah akaenda Ulaya, asirudi tena. Machi 1924 Reza Khan alijaribu kuleta jamhuri, maulamaa wakakataa kwa kuogopa mfano wa Uturuki, jamhuri ambayo mwezi uleule ilikuwa imefuta ukhalifa. Akaiacha. Februari 1925 Bunge likampa uamiri jeshi mkuu, cheo ambacho kwa katiba kilikuwa cha Shah. Kwa maoni yangu, ufalme uliondoka siku hiyo.

Karatasi zikafuata. Oktoba 31, 1925 Bunge likawavua Qajar. Mbunge Mosaddegh alipinga kwa hoja ngumu kujibiwa: mfalme wa kikatiba haendeshi serikali, kwa hiyo Reza Khan akitawazwa nchi imempoteza waziri mkuu hodari, na akiendelea kuiendesha, katiba imekufa. Desemba 12 Bunge Maalumu likabadili ibara ya 36 ya katiba, kiti kikawa cha Reza Khan na cha uzao wake wa kiume. Ibara ya 37 ikataka mama wa mrithi awe Muirani, na mrithi asitoke Qajar kamwe. Kamba hiyo iliwanasa wenyewe: mwana wa Reza alipomchumbia Fawzia, binti mfalme wa Misri, mwaka 1938 ilibidi itungwe sheria ya kumhesabu bibi huyo kuwa Muirani.

Taji lenyewe Reza Khan alilivaa Aprili 1926. Mkirudia habari hii, mwaka wa kuandika ni 1925.

Msomaji wenu,
Tabora Mjini