Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Bustani

Ndugu wanachama,

Mahesabu ameshayasoma mweka hazina, na ada zinalipwa, ingawa kwa kusuasua. Mimi nitajikita kwenye dawa zetu za wadudu za kujitengenezea, maana ndizo zilizotubishanisha mwaka mzima.

Mwarobaini umefanya kazi kwenye sukumawiki na kabichi kwa waliofuata vipimo: gramu 50 za viini vya mbegu kwa lita moja ya maji, yaani gramu 750 kwa bomba la lita 15. Mbegu zikaushwe kivulini, zilizoota ukungu zitupwe. Twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa la sivyo nozeli itaziba, halafu tia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Wanaochemsha wanajiharibia, kwani moto hupunguza nguvu ya dawa. Jua nalo vilevile, ndiyo maana tunapulizia jioni. Mdudu hafi papo hapo: anaacha kula, na kiwavi anashindwa kujivua gamba. Aliyezoea dawa ya dukani anapulizia leo, kesho anakuta viwavi bado wanatambaa, basi anatangaza mtaa mzima kwamba mwarobaini ni uongo! Na vidukari hukaa chini ya jani; ukipulizia juu tu, umemwagilia.

Kantangaze, yule nondo mdogo anayeshambulia nyanya, ni habari nyingine. Aliingia nchini 2014, na nyanya zetu hazijapona. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa za pilipili na vitunguu saumu hazimfikii. Tusidanganyane. Majani yenye michirizi yachumwe na kuchomwa, nyanya zisirudiwe shamba lilelile msimu hadi msimu, na hali ikizidi aitwe afisa ugani.

Kamati imepitisha mambo mawili. Utupa, ule mmea wenye sumu tunaotengenezea dawa, usitumike kando ya mto, wala bomba lake lisioshewe huko. Ni uleule wanaovulia samaki. Maji ya tumbaku yasitumike kabisa, kwa sababu nikotini humdhuru mpuliziaji mwenyewe, na tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hadi kwenye nyanya.

Mbegu za mwarobaini zikianza kudondoka, kila mwanachama alete debe moja, ndani ya gunia, si mfuko wa nailoni. Kinu kipo kwa katibu. Aliyeazima mchi aurudishe.