Muhula wa kumsubiri msimamizi, mwanafunzi asiulipie

Ndugu Mhariri,

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, simu yangu haipoi. Walimu wenzangu wa Bahi, Chamwino, Manyoni na Kondoa nilikozaliwa huniuliza swali moja: ada ya uzamili katika vyuo vya dini ni shilingi ngapi, na je, wanakubali ulipe kidogo kidogo? Huwa nawajibu. Lakini nimekuja kuona kwamba swali hilo ni nusu, na jibu ninalowapa ni nusu vilevile. Naomba nafasi katika gazeti lako nilitoe lote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Bahi. Ni Mwislamu, na nasoma shahada ya uzamili ya elimu katika chuo kikuu cha kanisa. Chuo chenyewe hakiko Dodoma, na sitakitaja jina wala mkoa kilipo, kwa sababu ninayoyasema hayakihusu hicho peke yake. Tuko watu watano tunaosoma vyuo tofauti vya dini. Jumamosi alasiri hukutana nyumbani kwa mmoja wetu Nkuhungu, tukasomeana rasimu na kuchangia bando la intaneti: walimu watatu, muuguzi mmoja, na mtumishi wa wizara ambaye siku zake zote zinaishia Mtumba, kwenye mji wa serikali. Niliyoandika hapa ni maoni yangu, ila mengi yamejadiliwa kwenye kikao hicho.

Nianze na ada. Anayesema unafuu wa vyuo hivi ni maneno ya matangazo tu, hajawahi kujisomesha kwa mshahara wa mwalimu. Bodi ya Mikopo ilinibeba shahada ya kwanza, na hadi leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kuurejesha mkopo huo, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Uzamili ninajilipia mwenyewe. Ukishakatwa Bodi, bima ya afya na mfuko wa pensheni, kinachobaki ni cha chakula, kodi ya nyumba na watoto. Chuo changu kilikubali nilipe kwa mafungu, na mwaka mmoja kikanisubiri mpaka mume wangu alipouza alizeti. Bila chuo cha dini nisingesoma kabisa. Hilo nataka lieleweke kabla sijafika kwenye lalamiko.

Na si ada tu. Nilipokwenda kujisajili nilikuwa na hofu ya mwanamke mwenye hijabu anayeingia kwenye lango lenye msalaba. Hakuna aliyeniuliza dini. Ulipofika Ramadhani, mhadhiri alihamisha zamu yangu ya kuwasilisha kazi kutoka saa kumi jioni kwenda saa tatu asubuhi, wala sikumwomba, aliona mwenyewe. Mama yangu alipofariki, mchungaji mlezi wa wanafunzi alinipigia simu mara tatu ndani ya wiki moja. Mwenzetu mwalimu, Mkristo wa Mpwapwa, anasoma chuo cha Waislamu na ana habari za aina hiyohiyo: anasema hajawahi kuona mahali panapojali mahudhurio namna ile, na saa za swala ya Ijumaa yeye huzitumia maktaba.

Kwa hiyo huwa naumia nikisikia watu wakizidharau shahada hizi. Mwenzetu wa Mtumba anasema ofisini kwake kuna wanaoziita "mastaz za kanisa", kana kwamba zimetolewa kwenye ibada. Tume ya Vyuo Vikuu inayosimamia vyuo vya serikali ndiyo inayovisimamia hivi, na haiko pale kama pambo: mwaka 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, vya dini vikiwamo. Kilichobaki kinadahili kimepita kwenye chekecheo hilo. Tena sisi wa Dodoma tusingepaswa kuambiwa. Pale ilipokuwa Sekondari ya Mazengo, ambayo wazee wetu wengi wanaitaja kwa heshima, ndipo Kanisa Anglikana lilipofungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanza. Walimu na wauguzi waliopita katika vyuo vya dini tunafanya nao kazi kila siku.

Sasa nije kwenye nusu ya pili, ambayo kwenye simu huwa siisemi.

Utafiti wangu unahusu utoro wa wanafunzi wakati wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka shambani. Anayeijua Bahi anajua: mtama na mpunga vikianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na watoto wanatoka darasani kwenda mashambani kuanzia alfajiri. Msimu huo ni mfupi. Ukiukosa, unasubiri mwaka mzima. Nilipita vijijini kwa bodaboda, Aprili na Mei, nikahesabu mahudhurio na kuzungumza na wazazi. Septemba nikatuma rasimu ya sura nne kwa msimamizi wangu.

Kimya. Nikatuma ujumbe, nikapiga simu, nikafunga safari mara mbili nikakuta mlango umefungwa. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, baada ya miezi minane, ofisi ya uzamili iliniambia kwamba msimamizi wangu alikwishahamia chuo kingine. Julai nikapangiwa mpya, mtu makini na mwema, naye alipoisoma kazi akasema takwimu za msimu mmoja, tena uliokwisha kupita, hazitoshi, nirudi shambani. Simlaumu. Alikuwa na haki kitaaluma. Lakini kibali changu cha utafiti kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo nikaanza upya: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, wakuu wa shule. Kisha nikangoja Aprili nyingine ifike na ndege warudi.

Katikati ya kungoja huko nikaletewa ankara ya mihula miwili ya ziada. Ndani yake palikuwa na ada ya usajili, ada ya usimamizi na ada ya huduma za wanafunzi. Mhariri, niliisoma ile ya usimamizi mara mbili. Nilikuwa natozwa ada ya kusimamiwa kwa miezi ambayo sikuwa na msimamizi.

Kilichoniuma zaidi ni kulinganisha. Chuo kilichonitafuta mara tatu nilipofiwa hakikunitafuta hata mara moja kazi yangu ilipolala miezi minane. Wale ni watu walewale, na moyo ni uleule. Kinachokosekana ni daftari tu: hakuna mahali panapoandikwa kwamba rasimu ya fulani imepokelewa tarehe fulani na inatakiwa kurudi tarehe fulani.

Najua si kila ucheleweshaji ni wa chuo. Pendekezo langu la utafiti lilichelewa miezi miwili kwa sababu nilikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani ya taifa. Miezi hiyo ni yangu, na nilipoilipia sikunung'unika. Ninachokikataa ni kulipia ya mwingine.

Muuguzi wetu ndiye anayenipa imani kwamba jambo hili linawezekana. Ada yake na yangu zinakaribiana sana. Msimamizi wake humpigia simu kila Alhamisi ya pili, hata kama hana cha kusema zaidi ya kumuuliza amefika wapi, na rasimu hazikai kwake zaidi ya wiki tatu. Yeye ametetea tasnifu yake ndani ya muda aliopangiwa, na sasa anasubiri mahafali. Kwa hiyo unafuu wa ada hauhitaji kuambatana na mateso.

Kwenye kikao chetu hatukukubaliana kuhusu dawa. Mwenzetu wa wizara, ambaye kazi yake ni mahesabu, anasema chuo cha dini hakiendeshwi kwa fedha za serikali. Mishahara ya wahadhiri inatoka kwenye ada zetu hizihizi. Msimamizi wa uzamili anatakiwa awe na uzamivu, watu hao ni wachache, na chuo kikubwa kikimwita mmoja kwa mshahara mnono ataondoka. Ukikinyima chuo kidogo ada ya muhula wa ziada, anasema, utakifunga. Ni hoja nzito, na nimeifikiria kwa usiku kadhaa.

Jibu langu ni kwamba kama fedha haitoshi, ada ipandishwe kidogo, hadharani, tangu mwanzo. Nisome kwenye fomu ya kujiunga kwamba uzamili wangu utagharimu kiasi hiki, nijipange na mume wangu, nichukue mkopo wa SACCOS nikijua unaisha lini. Ada ndogo mlangoni ikifuatiwa na ankara za kusubiri inamwumiza yuleyule maskini aliyevutwa na unafuu, kwa sababu mwenye uwezo hulipa akaendelea, na asiye nacho huacha. Mmoja wa watano wetu ameshaacha. Bado anakuja Jumamosi, anatusaidia kusahihisha marejeo, lakini kazi yake mwenyewe iko kwenye flashi anayoibeba kwenye pochi.

Ninachoviomba vyuo vyetu vya dini ni kidogo. Rasimu ikipokelewa, mwanafunzi apewe tarehe kwa maandishi, na siku 30 zinatosha kusoma sura moja au mbili. Siku zikizidi, zihesabiwe kuwa ni za chuo, na muhula utakaozaliwa kutokana na siku hizo usitozwe. Msimamizi akihama, mwanafunzi aarifiwe wiki hiyohiyo, si baada ya yeye kuuliza. Na chuo kinapobandika tangazo la ada, kibandike pia waliojiunga walikuwa wangapi na waliomaliza kwa wakati ni wangapi. Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kulidai hilo kwa vyuo vyote, vya serikali pia, maana sidhani ugonjwa huu unajua dini ya mtu.

Maaskofu, masheikh na mabaraza yanayomiliki vyuo hivi nawaomba waliangalie kwa jicho lao wenyewe, wasiwaachie wahasibu. Katika dini zote mbili tumefundishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kwa kazi aliyoifanya. Ada ya usimamizi nayo ilipwe pale usimamizi ulipofanyika.

Mimi nitamaliza, inshallah. Takwimu za msimu wa pili zimeingia na sura ya nne iko kwa msimamizi. Tarehe aliyoipokea nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, sebuleni, mahali ambapo hata watoto wanaiona. Na mwenzangu atakayenipigia simu mwaka huu nitamtajia ada, nitamwambia alipe kwa mafungu, nitamwambia asiogope msalaba wala mwezi na nyota langoni. Halafu nitamwomba, kabla hajalipa hata fomu, aende ofisi ya uzamili aulize: msimamizi wangu akihama, miezi nitakayongoja mwingine atailipa nani? Akijibiwa kwa mdomo, aombe waandike.

Mwalimu na mwanafunzi wa uzamili,
Bahi, Dodoma