Doa na shimo si kitu kimoja

Mhariri,

Mimi ni kinyozi hapa Mwembe Tayari, mwaka wa kumi na nne sasa. Riziki yangu ni vichwa na nyuso za watu, na uso wangu wenyewe wateja wakorofi wameupa jina la barabara moja yenye mashimo. Siitaji, mwakilishi wadi asije akanuna. Chunusi zilinianza kidato cha pili, nikazikamua kwa kucha hadi mashavu yakabonyea.

Mwezi uliopita alikuja kijana kunyolewa ndevu, uso umejaa vidonda vidogo vidogo. Kumbe amenunua kile kigurudumu chenye sindano, cha kutobolea ngozi ili makovu ya chunusi yapungue, kinachouzwa siku hizi hadi mezani kando ya barabara, akakipitisha usoni na chunusi mbichi zingali na usaha. Walikuwa wakikitumia watatu: yeye, dadake na jirani, wakikisuuza kwa maji ya mfereji. Nilizima mashine. Mimi wembe mmoja haupiti vichwa viwili, na mteja huufungua mwenyewe akiona. Je, damu ya shavuni si damu? Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi havichagui chombo.

Sikumcheka, maana mimi nilifanya upuuzi wangu. Nilinunua krimu ya shilingi 1,800, boksi halijaandikwa kilichomo. Wiki tatu nikang'aa, watu wakauliza siri. Nilipoiacha, na foleni ya feri Likoni na jua lile la saa saba, uso ulitoka mabaka meusi juu ya mashimo yaleyale. Baadhi ya krimu za kuchubua hutiwa zebaki, na zebaki huharibu figo. Heri liwa ya nyanyangu: haikujaza shimo hata moja, lakini walau ilinukia.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Aliimulika tochi shavuni kutoka ubavuni ili vivuli vionekane. Akaniambia doa ni rangi, shimo ni nyama iliyopungua. Doa hufifia polepole, kwa miezi, ukijikinga na jua na kupaka dawa aliyokuandikia mjuzi (na mja mzito aseme mapema, zipo asizopaswa kupaka). Shimo halijazwi na krimu yoyote.

Kisha akaivuta ngozi kwa vidole viwili. Mashimo yaliyopotea ngozi ilipovutwa ni yale yanayovutwa chini na nyuzi za kovu zilizo chini ya ngozi. Hizo hukatwa kwa sindano inayopitishwa chini ya ngozi, baada ya ganzi. Yale membamba yenye kina, kama yaliyotobolewa kwa msumari, hutiwa tone la asidi kali kwa ncha ya kijiti, au hukatwa yakashonwa. Aliniuliza pia kama kidonda changu chochote kiliwahi kuvimba kikawa kovu nene, kwani ngozi ya namna hiyo haichezewi na sindano. Leza, ule mwanga mkali wa kuchoma ngozi, alinishauri niiache: kwenye ngozi nyeusi, mikononi mwa asiyeizoea, joto lake huacha madoa mapya.

Nilikatwa nyuzi mara moja, kisha daktari akanitoboa uso kwa sindano ndogo ndogo, kazi ileile ya kigurudumu lakini mikononi mwa mjuzi, mara nne, kila baada ya wiki sita. Kila safari ilinitoka pesa sawa na kodi ya kibanda changu. Mashimo yamepungua, kama nusu hivi, na chini ya taa ya kinyozi bado yanaonekana. Hilo daktari alinieleza kabla hajapokea hata shilingi.

Ombi langu kwa maafisa wa afya wa kaunti: mkija kukagua nyembe zangu, na mje tu, hatua chache mbele ziko meza za vipodozi. Vigurudumu vimepangwa pale wazi, bila kifuniko, na watu wanavijaribu kwenye viganja.

Cha yule kijana kimo ndani ya kopo langu la nyembe zilizotumika. Dadake alikuja kesho yake kukidai.

Kinyozi,
Mwembe Tayari, Mombasa